Mapigo Mawili ya Mama Mkubwa Orlena

Nashville, 11 Septemba 1966

Mama Mkubwa Orlena,

Natumaini barua hii inakukuta umekaa, ingawa nakujua hukai. Baba Mkubwa Hobert hajambo? Kifua kinampa usingizi siku hizi? Yule ng'ombe wenu bado anaruka uzio? Na maharagwe, mmeshayatunga kwenye uzi na kuyaning'iniza barazani yakauke? Huku mjini maharagwe yanatoka kwenye kopo, na watu wanayala bila hata kuona haya.

Mimi sijambo. Asubuhi bado nabeba sahani pale mgahawani, na mchana nazunguka na gitaa langu kwenye ofisi za wachapishaji wa nyimbo, mlango hadi mlango. Huu ni mwaka wa tatu. Baba ananiandikia kutoka Ohio kwamba kiwanda chao kinatafuta wasichana wa kufunga masanduku. Nimemwahidi kwamba yakifika masika yajayo na hakuna wimbo wangu hata mmoja uliorekodiwa, nitamfuata.

Sasa sikiliza. Jumanne Bwana Garland Stokes, ambaye ndiye anayewasimamia waimbaji wakubwa wakienda kurekodi, alikuwa anakula mayai kwenye meza yangu. Mimi nafuta kaunta huku naimba bila kujijua ule wimbo wako wa jikoni, ule wa kahawa motoni, ulionilea nao tangu mama alipofariki. Akaweka uma chini. "Wewe dada, huo umetoka wapi?" Nikamwambia umetoka nyumbani. Mchana wake nikauimba ofisini kwake, akaurekodi kwenye kanda ya kuwaonyesha waimbaji. Mama Mkubwa, niliimba nimeegemea kabati.

Nina shida mbili. Ya kwanza, ubeti wa tatu umenitoka kabisa. Niandikie. Ya pili ni ndogo. Pale baada ya "nimeacha mlango wazi" wewe husimama kidogo, kama mapigo mawili, ndipo unaendelea. Bwana Stokes anasema wimbo unajikwaa pale. Hapa kila mstari una mapigo yake na wanamuziki wanayahesabu. Nimekiondoa kile kituo, na kweli sasa wimbo unateleza vizuri. Nimeona tu nikuambie.

Mwanao,
Nelda


Pigeonroost, Kentucky, 29 Septemba 1966

Nelda mwanangu,

Nimekaa. Nimekaa kwa sababu mguu umevimba, si kwa ajili yako. Hobert anakusalimu, anauliza kama huko umeshapata mchumba mwenye gari au bado unawapata wenye magitaa tu. Kifua chake ni kilekile. Ng'ombe nimemfunga gogo shingoni, sasa anaruka na gogo.

Wiki jana tulikamua mabua ya mtama na kuchemsha asali yake kwa akina Gayheart. Nyuki walimwuma mchungaji mdomoni, Jumapili akahubiri nusu saa tu. Watu walitoka kanisani wana furaha sijapata kuona.

Ubeti wa tatu huu hapa.

Shati lako liko kitini,
viatu viko mlangoni,
sikuulizi utakwenda lini,
nakuuliza kama una baridi.

Kile kituo ukirudishe. Sikukiweka pale ili kipendeze magitaa ya watu.

Na huyo bwana ulimjibu kwamba wimbo umetoka nyumbani. Nyumbani kuna watu wengi, Nelda. Kuna hata ng'ombe.

Mama yako mkubwa,
Orlena Sizemore


Nashville, 13 Novemba 1966

Mama Mkubwa,

Nisamehe kwa kukawia. Nimeandika barua hii mara nne na kuichana mara nne. Kwanza mwambie Baba Mkubwa kwamba mwenye gari nilimpata, lakini gari lilikuwa la mama yake. Mkono wangu niliouunguza kwa kahawa umepona. Huku majani yameshadondoka yote na mvua haikatiki.

Umenishika pabaya na yule ng'ombe wako. Siku ile ofisini Bwana Stokes alisogeza karatasi ya usajili mbele yangu akaniuliza jina la mtunzi. Nikaandika langu. Langu peke yake. Nilijiambia nitarekebisha kesho, na kesho ikapita. Miaka mitatu nimeandika nyimbo tisini na kitu, na zote wamenirudishia kwa tabasamu. Huu mmoja usio wangu ndio walioutaka. Naona aibu, na nimekuwa nikiiba usingizi wangu mwenyewe tangu siku ile.

Kuna habari kubwa zaidi. Vonda Lee Pickard ameusikia kwenye kanda. Ndiyo, Vonda Lee mwenyewe, yule wa kwenye kalenda ya duka la mbolea ambayo Baba Mkubwa hataki uibandue hata mwaka ukiisha. Ameomba awekewe wimbo huo, yaani usionyeshwe mwimbaji mwingine mpaka aurekodi yeye. Hapa mtu akisikia Vonda Lee amewekewa wimbo wako, anakununulia chakula cha mchana.

Ila meneja wake anataka jina la Vonda Lee liandikwe pia kama mtunzi. Ni desturi ya mji huu. Mwimbaji mkubwa akiuchukua wimbo wako, unampisha akae kando yako kwenye karatasi, na wewe unashukuru. Kila mtu ameshafanya hivyo. Sijamjibu.

Kuhusu kituo, nilijaribu. Nilimwimbia Bwana Stokes jinsi unavyoimba wewe. Akacheka, si kwa ubaya, akasema mpiga ngoma wake ataanguka ndani ya shimo lile na hatatoka. Niambie basi, kile kituo ni cha nini? Nikijua sababu labda nitaweza kuwashawishi.

Nelda


Pigeonroost, 2 Desemba 1966

Nelda,

Tumechinja nguruwe Jumatatu. Mafuta yametoka mengi, nyama ya kukausha nimeitia chumvi, na kichwa nimempelekea mjane wa Denver mdogo, yule mtoto wa Denver Gayheart. Theluji imeanza kugusa kilele. Hobert analala sana mchana.

Jina weka lako, mimi silitaki. Kanisani kwetu hatuimbi hata na kinanda. Leo niende kukaa kwenye mduara wa karatasi wa katikati ya santuri, unaozunguka katika baa za Louisville? Umeiba, umekiri, yamekwisha. Nilishakuchapa kwa makosa madogo kuliko hilo na hukunyooka, kwa hiyo sasa sijisumbui.

Huyo Vonda Lee ni mwanamke mzuri, na kwenye kalenda amependeza. Lakini jikoni kwangu sikumwona. Aimbe, asitunge.

Kituo nakitaka. Jina chukua, kituo niachie. Wimbo ukiimbwa bila kile kituo, si ule wimbo, na nitakapousikia redioni nitajua kwamba umechukua vyote viwili. Usiniulize ni cha nini. Mambo ya jikoni kwangu siyapeleki Nashville.

Kula vizuri. Vaa soksi.

Orlena


Nashville, 18 Desemba 1966

Mama Mkubwa,

Heri ya Krismasi kwako na kwa Baba Mkubwa. Nimewatumia boksi. Kitambaa cha kichwa ni chako. Dawa ya kikohozi ni ya Baba Mkubwa, na kalenda mpya ya Vonda Lee nimeiomba mwenyewe kutoka ofisini kwake, ameiandika "Kwa Hobert". Mwambie asimwonyeshe mchungaji.

Krismasi sitaweza kuja, mgahawa hauniachii. Nimemwambia meneja kwamba jina la Vonda Lee haliandikwi. Nilijua naitupa bahati yangu mtoni. Meneja akawa mwekundu hadi masikioni. Lakini Vonda Lee alikuwa nyuma ya mlango, akachomoza kichwa na kusema, "Mwache dada wa watu. Na mimi niliwahi kuibiwa hivyohivyo." Kwa hiyo bado wanautaka. Tunarekodi tarehe tisa Februari.

Kituo bado nakipigania. Nimehamia nyumba nyingine ya kupanga, anwani iko nyuma ya bahasha.

Nelda


Nashville, 22 Januari 1967

Mama Mkubwa,

Kimya chako kimenitia wasiwasi. Tangu boksi la Krismasi sijapata hata mstari. Ni theluji? Barabara ya bondeni imefungwa? Baba Mkubwa amependa kalenda? Niandikie hata neno moja.

Mimi ni mzima wa mwili. Moyo siusemei.

Bora nikuambie mapema kuliko uje usikie redioni. Juzi Bwana Stokes aliniita. Siku ya kurekodi wana saa tatu tu, kuanzia saa nane mchana mpaka saa kumi na moja, na ndani ya saa hizo lazima nyimbo nne ziishe. Ndivyo wanavyofanya kazi hapa. Wanamuziki wanakuja hawajausikia wimbo hata mara moja. Wanausikiliza kwenye kanda, wanaandika nambari za kuwaongoza kwenye kipande cha karatasi, wanapiga. Wa kwetu ni wa nne. Akaniambia, "Nelda, wimbo mrefu wa kujadiliana sina nafasi nao. Unaimbwa umenyooka, au nachukua mwingine."

Nimekubali unyooke. Nimekupa hata namna ya kunilaumu, kwa sababu nilikubali kwa haraka, kabla hajamaliza kusema. Masika yako karibu na barua za baba kuhusu masanduku zinakuja kila wiki. Ulisema nikuachie kimoja tu, na hicho kimoja nimeshindwa. Nisamehe ukiweza.

Nelda


Pigeonroost, 31 Januari 1967

Nelda mwanangu,

Barua yako nimeipata jana, imekuja kwa nyumbu wa akina Gayheart kwa sababu gari la posta halipiti kwa barafu. Ng'ombe mzima. Mguu umepungua.

Hobert alifariki tarehe kumi na moja mwezi huu, asubuhi, jua limeshatoka. Sikukuandikia kwa sababu ungeacha kazi yako ukaja, na ungekufa barabarani Mlima Pine kwa barafu ile, na mimi nizike wawili. Nimeamua mimi, kama ni kosa ni langu. Wanaume walichimba kaburi kwa moto, wakiwasha kuni ili udongo ulainike. Kalenda aliipenda. Tulimzika nayo mfukoni, mchungaji hajui.

Sasa nitakuambia ulichokuwa unauliza, kwa sababu hayupo tena wa kumwonea haya.

Wewe ulipokuja kwangu una miaka tisa, Hobert alikuwa ameshatoka mgodini miaka miwili. Daktari wa kampuni alisema ni pumu. Sisi tulijua ni makaa. Alikuwa hawezi kulala amelala, analala ameketi, chumba cha pili, na mimi jikoni. Nilikuwa naacha mlango wazi nimsikie. Asubuhi nikitengeneza kahawa nilikuwa naimba ili ajue kwamba mimi nipo, na nikifika pale nasimama nisikie kama naye yupo. Akikohoa, naendelea. Akipumua tu, namsikia, naendelea. Siku nyingine alikuwa akinichelewesha makusudi, anazuia pumzi, halafu anacheka mpaka anakohoa vibaya, na mimi namtukana. Ndiyo mapigo yako mawili hayo.

Nimeimba hivyo miaka kumi na mitano. Na sasa bado naimba asubuhi. Nikifika pale nasimama. Sisikii kitu, lakini siwezi kupita bila kusimama.

Kwa hiyo ukiunyoosha, Nelda, si kwamba utaniudhi. Utakuwa umempita Hobert bila kumsikiliza. Fanya utakavyoona. Wewe ndiye uliye huko.

Mama Mkubwa wako


Nashville, 10 Februari 1967

Mama Mkubwa wangu,

Sina salamu za kuanza nazo. Nimelia kama mtoto na nitalia tena nikimaliza kuandika. Mtu huyo ndiye aliyenifundisha kuendesha lori nikiwa na miaka kumi na moja, akakaa kando yangu akikohoa na kuniambia "Kanyaga, si yai hilo." Sikuwepo kumzika. Hilo nitakusamehe pole pole, nipe muda.

Barua yako ilikwenda nyumba ya zamani. Bi Crutcher, mwenye nyumba ile, aliishika siku mbili akidhani ni ya mpangaji mwingine, halafu jana saa sita akaniletea mgahawani. Nikaitia mfukoni kwa sababu meza zilikuwa zimejaa. Niliifungulia kwenye ukumbi wa studio, saa nane kasorobo, wanamuziki wakinipita na vyombo vyao. Niliisoma nimesimama, halafu nikakaa chini sakafuni na koti langu. Mpiga besi mmoja mrefu akaniuliza, "Dada, umeumia?" Nikasema hapana. Alinipa leso.

Nyimbo tatu za kwanza zilikula saa mbili na nusu. Wetu ukaanza saa kumi na nusu. Wakausikiliza kwenye kanda, ule niliounyoosha mimi, wakaandika nambari zao, wakapiga. Mara ya kwanza vizuri. Mara ya pili vizuri zaidi. Gitaa la chuma lililia mahali pake, kila kitu mahali pake. Bwana Stokes akasema kutoka nyuma ya kioo, "Tumeupata." Vonda Lee akavua vipokea sauti vya masikioni. "Umepata nini, Garland? Mimi naimba kuhusu mlango, lakini mlango sioni."

Mama Mkubwa, mimi nilikuwa kwenye kona na leso ya watu. Sikupanga kusema. Nilisikia tu sauti yangu: "Pale baada ya mlango wazi kuna kituo. Nilikitoa mimi. Ni kosa langu."

Bwana Stokes akaangalia saa. Akasema, haya, jaribuni. Mpiga ngoma, Buddy Ketchum, akaandika 2 ndani ya mviringo. Wakapiga. Walipofika pale wakanyamaza, moja, mbili, wakaingia. Ikawa kama mtu amesahau maneno. Wakarudia. Ikawa mbaya zaidi, fidla ikatangulia. Buddy akaweka vijiti magotini. "Hili shimo, dada. Naanguka ndani."

"Usihesabu," nikamwambia.

"Dada yangu, mimi nalipwa kuhesabu."

"Leo usihesabu. Kuna mtu chumba cha pili, ameketi kwenye kiti kwa sababu akilala hapumui. Alikuwa mchimba makaa. Mke wake yuko jikoni anatengeneza kahawa na ameacha mlango wazi. Anaimba mpaka pale, halafu anasimama asikilize kama mumewe bado anapumua. Akimsikia, anaendelea. Basi na nyinyi sikilizeni. Mkimsikia, ingieni."

Yule mpiga besi mrefu akavua kofia akaiweka juu ya spika. Baadaye aliniambia baba yake alitoka migodini West Virginia, na kwao pia mlango ulikuwa haufungwi. Vonda Lee alikuwa ananiangalia. Bwana Stokes akasema kwa sauti ya chini sijawahi kuisikia kwake, "Zimebaki dakika saba. Mara moja tu."

Waliuanza taratibu kuliko mwanzo. Vonda Lee alifumba macho. Alipofika "nimeacha kahawa motoni, nimeacha mlango wazi," wote wakaacha. Nilimwona Buddy ameinamisha kichwa kando, anasikiliza kwelikweli. Mpiga piano mikono iko juu. Nikasikia pumzi yangu mwenyewe. Halafu wakaingia. Wote, watu saba na mwimbaji, kwa pamoja, bila mtu kumwangalia mwenzake, bila ishara: "kama bado uko macho, njoo." Mama Mkubwa, sijui niseme nini. Wamemsikia.

Wimbo ulipoisha hakuna aliyegusa chombo. Saa ya ukutani ikafika kumi na moja. Kwenye spika Bwana Stokes akasema, "Msiguse kitu. Huo ndio." Kisha akauliza, "Huyo mzee anaitwa nani?" Nikasema, "Anaitwa Hobert Sizemore. Amefariki mwezi jana." Buddy alichukua ile karatasi yake, akafuta 2 ndani ya mviringo, akaandika H. Ameniomba nisiitupe. Nimeiweka humu ndani ya bahasha.

Bwana Stokes amekipima kituo kwenye kanda. Anasema si mapigo mawili. Ni mawili na kitu, na hicho kitu hajui akiandikeje.

Leo asubuhi nimekwenda kwa wachapishaji nikabadilisha karatasi ya usajili. Sikukuuliza, kwa sababu ungesema hapana. Umezika bila kuniuliza, na mimi nimeandika bila kukuuliza, tumelingana.

Mwanao,
Nelda


Pigeonroost, 4 Machi 1967

Nelda,

Karatasi imefika, nimeiweka ndani ya Biblia, ukurasa tunapoandika vifo vya ukoo.

Nimekasirika siku mbili kwamba umewaambia wapiga magitaa mambo ya ndani kwangu. Siku ya tatu nimeisoma tena barua yako, nikafika pale waliposikiliza. Hasira imeisha.

Tulingane basi. Lakini mchungaji akiniuliza, nitasema ni Orlena mwingine.

Barafu imeyeyuka. Ng'ombe ametoroka.

O.


Nashville, 19 Mei 1967

Mama Mkubwa,

Hujambo na mguu? Umeshapanda mahindi? Nakuandikia kwa haraka mno na kalamu inaniruka.

Wimbo wako umeshika nafasi ya kwanza nchi nzima, wiki ya pili sasa. Juu yake hakuna mwingine. Nimeacha sahani. Siku ya kuaga mgahawani mpishi alinikaangia yai akaliweka kwenye sahani ya wageni, nikala nimeketi meza ileile ya Bwana Stokes. Baba amepiga simu kutoka Ohio akasema wasichana wa masanduku wanauimba kiwandani, wakifika kituo wanaacha kufunga na msimamizi anawapigia kelele.

Jumamosi Vonda Lee ameuimba kwenye ukumbi mkubwa, watu elfu tatu, na mimi nyuma ya pazia. Ukumbi ule viti vyake ni vya mbao, vinalia hata ukifikiria kusogea. Alipofika mlango wazi hakuna kiti kilicholia. Baada ya wimbo walimrudisha jukwaani mara nne. Ya nne alinivuta mkono tukatoka wote, akasema kwenye maikrofoni: "Huyu ni mmoja. Mwingine yuko Pigeonroost, Kentucky, na najua ananisikiliza ingawa kanisa lake halimruhusu."

Sahani ya santuri nimeituma kwa posta, na nyingine nimempelekea Bwana Slone wa duka ili aitie kwenye kile kisanduku chake cha muziki. Soma chini ya jina la wimbo, kwenye karatasi nyekundu ya katikati. Soma polepole.

Nelda


Pigeonroost, 5 Juni 1967

Nelda mwanangu,

Mguu umepona. Mahindi yamefika magotini. Ng'ombe nimemuuza kwa mchungaji, sasa ni tatizo la kanisa.

Sahani imefika nzima. Nimesoma polepole kama ulivyosema. Orlena Sizemore, Hobert Sizemore, Nelda Tackett. Wewe binti una ujasiri. Umemfanya Hobert mtunzi wa nyimbo, mtu ambaye kanisani walikuwa wanamwomba aimbe kimoyomoyo. Lakini nimekaa na hilo jina, na nimeona umesema kweli. Nusu ya wimbo ule alikuwa anautunga yeye, kutoka chumba cha pili, kwa kunichelewesha.

Jumapili ya mwisho ya Mei tulisafisha makaburi, kama kila mwaka. Tumeng'oa magugu, tumetandaza maua ya karatasi, tumekula chakula juu ya nyasi. Kwake nimepanda irisi zile za zambarau. Mchungaji alikuja akasimama kando yangu, nikajua yanakuja. Akasema, "Dada Orlena, nimeona jina fulani kwenye kitu fulani dukani." Nikamwambia, "Ni Orlena mwingine." Akasema, "Huyo Orlena mwingine mwambie kwamba mke wangu amenifanya niusikilize mara sita." Akaenda zake kutafuta pai.

Jumatatu nilikwenda kwa Slone kununua chumvi. Nilikwenda kwa chumvi tu, uamini usiamini. Zamu ya mchana ilikuwa imetoka mgodini, wanaume wamejaa dukani, wachafu, na wale wazee wasiofanya kazi tena wamekaa kwenye kreti kama kawaida yao. Unakijua chumba kile. Huwezi kusikia bei ya chumvi kwa kukohoa kwao. Denver Gayheart hajamaliza sala bila kukohoa tangu vita viishe.

Mtu akatia sarafu kwenye kisanduku cha muziki. Nikageuka nitoke, Slone akasimama mlangoni na tumbo lake lile, akasema, "Hutoki, Orlena." Basi nikasimama na chumvi yangu.

Yule mwanamke anaimba vizuri, nakubali. Watu waliendelea na mambo yao, wanakohoa, wanatema, wanacheza dama. Wimbo ukafika kahawa motoni. Ukafika mlango wazi.

Nelda, walizuia kikohozi. Wote. Hakuna aliyewaambia. Watu thelathini ambao hawajawahi kunyamaza kifua tangu ujana wao, kila mmoja amefunga mdomo, Denver ameshika meza kwa mikono miwili, machozi yanamtoka kwa kuzuia, na amezuia. Slone ameweka kofia tumboni. Duka zima, kimya.

Unajua mimi huwa nafanya nini pale. Tangu Januari nimekuwa nasimama pale kila asubuhi na sisikii kitu. Nikasimama katikati ya duka la Slone na pakiti ya chumvi, nikasikiliza.

Nikawasikia wote wanapumua.

Mama Mkubwa wako,
Orlena